Ridhaa ya Mteja wa Simu

Istilahi “ridhaa”, katika sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, hutaja kauli au kitendo cha wazi ambacho kwacho mtu aliyekwisha kuelezwa, na asiyelazimishwa, huonyesha kuwa amekubali taarifa zake zitumiwe kwa jambo fulani lililobainishwa. Ni tafsiri ya neno la Kiingereza “consent”, na ndiyo iliyoingia katika msamiati wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya, yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, huandika sheria zake kwa Kiingereza, na kwa hiyo kazi ya kutafuta neno imewaangukia waandishi wa habari na watangazaji, ambao huweza kusema “idhini”, “kibali”, “ruhusa” na “ridhaa” kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja hata kidogo, na tofauti zake hudhihirika pale wateja wa kampuni ya simu wanapoiuliza maswali mawili: nani aliyeruhusu ujumbe wa mwanasiasa uingie katika simu ya mtu, na nani aliyeruhusu habari za mtu huyo zitoke.

Idhini hushuka kutoka juu. Mwajiri humpa idhini mfanyakazi, wizara huipa idhini taasisi, na anayeomba huwa chini ya anayeombwa. Kibali nacho ni cha ofisi, tena mara nyingi ni karatasi yenye mhuri: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi, kibali cha mkutano wa hadhara. Ridhaa haina cheo wala mhuri. Inatokana na mzizi wa Kiarabu uliotupatia pia kuridhia, kuridhika na radhi, na katika maneno yote hayo kuna moyo uliotulia juu ya jambo, si mkono uliotia sahihi tu. Ndiyo maana mtu huweza kutoa kibali huku hataki, kwa kuwa kanuni zinamtaka akitoe, lakini asemapo kwamba ameridhia huku hataki, atakuwa amesema uongo. Sheria ya Kenya, ingawa haikuandikwa kwa Kiswahili, imejengwa juu ya maana hii hii, kwani inataka kauli ya mhusika iwe ya hiari, mahususi na yenye kutanguliwa na maelezo, inamtwisha mkusanyaji wa taarifa mzigo wa kuthibitisha kuwa kauli hiyo ilipatikana, na inampa mhusika haki ya kuitengua wakati wowote. Jambo linaloweza kutenguliwa wakati wowote na mtu wa kawaida, bila barua wala sababu, haliwezi kuitwa kibali.

Swali gumu ni la kimya. Wazee wa pwani wanaozijua taratibu za ndoa ya Kiislamu wanafahamu kwamba bibi harusi aliye mwanamwali, akiulizwa na walii wake kama amemridhia mchumba, kimya chake huhesabiwa kuwa jibu la kukubali, kwa sababu haya humzuia kutamka. Lakini kimya hicho hupata uzito kwa mambo yanayokizunguka: ameulizwa yeye mwenyewe, ameulizwa na mtu anayemjua, ametajiwa jina la mume, na akikataa atasikilizwa. Kampuni inayomtumia mteja waraka mrefu wa masharti, kisha ikahesabu kuwa ameridhia kwa kuwa hakujibu, imechukua kimya ikaacha swali. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikata jambo hili tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya kampuni ya Planet49, iliposema kuwa kisanduku kilichowekewa alama mapema, ambacho mtumiaji anatakiwa aiondoe alama hiyo kama hataki, hakiwezi kuwa ushahidi wa ridhaa.

Kutokana na hoja hiyo huzaliwa istilahi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ridhaa ya wazi, ambapo mteja hahesabiwi kuwa amekubali mpaka yeye mwenyewe ajiunge. Ya pili ni ridhaa ya kudhaniwa, ambapo amekwisha kuunganishwa na kazi yake ni kujitoa. Watumiaji wa simu Afrika Mashariki wana vitenzi vya mambo haya tayari, kujiunga na kujitoa, na havihitaji kubuniwa vingine. Vinachohitaji ni kuangaliwa vema, kwa sababu kujitoa hudhani kuwa mtu alikuwamo, na kampuni inayomwambia mteja “jitoe” kutoka katika orodha ambayo hakujiunga nayo imekwisha kumwekea neno mdomoni.

Nchini Marekani mvutano kati ya aina hizi mbili umedumu zaidi ya robo karne. Kifungu cha 222 cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 kilizitaka kampuni za simu zitunze siri ya kumbukumbu za wateja, yaani nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na kwa huduma ipi. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipotoa kanuni mwaka 1998 kwamba kumbukumbu hizo zisitumiwe kutangaza huduma nyingine bila ridhaa ya wazi, kampuni ya U S West ilikwenda mahakamani na kushinda mwaka 1999 kwa hoja kuwa kanuni hiyo ilibana uhuru wake wa kusema. Hoja hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana iliigeuza faragha ya mteja kuwa kizuizi cha haki ya kampuni, na ikamfanya asiyetaka kusumbuliwa aonekane kana kwamba ndiye anayeziba mdomo wa mwingine.

Tukio linaloonyesha vizuri kuliko yote tofauti ya ridhaa na kibali ni la Septemba 2007. Shirika la NARAL Pro-Choice America, linalotetea haki ya mwanamke kutoa mimba, lilitaka kuendesha huduma ya ujumbe mfupi kupitia namba fupi ya tarakimu chache, ambapo mtu aliyetaka habari zake angetuma neno kwa namba hiyo na kuanza kupokea. Hapakuwa na aliyelazimishwa, na hapakuwa na orodha iliyonunuliwa. Ilikuwa ridhaa ya wazi katika sura yake safi kabisa, mteja akianza yeye. Kampuni nyingine kubwa za simu zilikubali kuipitisha huduma hiyo. Verizon Wireless ilikataa, ikieleza kuwa sera yake iliiruhusu kuzuia ujumbe ambao ungeweza kuonekana na baadhi ya watu kuwa wenye utata. Gazeti la The New York Times lilitoa habari hiyo tarehe 27 Septemba, malalamiko yakamiminika, na siku hiyo hiyo kampuni ikabadili uamuzi na kusema kuwa sera ya zamani ya ndani ilikuwa imetafsiriwa vibaya.

Wengi waliitazama habari hiyo kama mzozo wa utoaji mimba, ilhali kiini chake kilikuwa kingine, na hata wapinzani wa utoaji mimba walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa sera iliyomzuia mmoja leo ingemzuia mwingine kesho. Mteja alikuwa ameridhia kupokea, mtumaji alikuwa tayari kutuma, na kampuni iliyo katikati ikajipa mamlaka ya kutoa kibali. Ilirudi nyuma kwa aibu ya siku moja, si kwa amri. Desemba mwaka huo shirika la Public Knowledge na wenzake waliiomba FCC itamke kuwa kampuni haziruhusiwi kubagua ujumbe mfupi. Jibu lilikuja Desemba 2018, miaka kumi na mmoja baadaye, tena likawa kinyume cha walichoomba, kwani FCC iliuweka ujumbe mfupi katika kundi la huduma zisizobanwa na wajibu wa msafirishaji wa umma, yaani wajibu wa kuhudumia wote bila ubaguzi.

Hapa ndipo istilahi nyingine inapohitaji nafasi, yaani shinikizo la wateja. Watanzania wamezoea “mlaji” kwa mtu anayenunua bidhaa, na katika mawasiliano huzungumzia “mtumiaji wa huduma”. Maneno yote mawili yanafaa, lakini “mteja” lina nguvu zaidi katika mada hii, kwa sababu mteja ana uhusiano na mtu anayemhudumia na anaweza kuuvunja. Shinikizo lake si kelele tu. Gazeti la USA Today liliporipoti Mei 2006 kuwa Wakala wa Usalama wa Taifa wa Marekani, NSA, ulikuwa unakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya wananchi kwa msaada wa kampuni kubwa, na kwamba kampuni ya Qwest ilikuwa imekataa kutoa za wateja wake, watu walizifungulia kampuni kesi nyingi, lakini Bunge lilizikinga kwa sheria ya mwaka 2008. Mlango wa mahakama ukafungwa. Baada ya hati zilizovujishwa na Edward Snowden kuonyesha Juni 2013 kuwa mahakama ya siri iliiamuru sehemu moja ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu kila siku, shinikizo lilipita njia ambayo kampuni hazikuizoea: Novemba mwaka huo wanahisa, ukiwamo mfuko wa pensheni wa watumishi wa Jimbo la New York, waliwasilisha maazimio wakizitaka Verizon na AT&T zichapishe idadi ya maombi ya serikali. Desemba zote mbili zikaahidi kufanya hivyo. Januari 2014 Credo, kampuni ndogo ya San Francisco iliyojijengea wateja wake miongoni mwa wanaharakati, ilizitangulia kutoa taarifa yake. Verizon ikafuata mwezi huo huo, ikionyesha kuwa mwaka 2013 ilipokea kutoka kwa vyombo vya sheria vya Marekani maombi zaidi ya 320,000.

Taarifa hizo hazikumrudishia mteja ridhaa yake. Zilimpa maelezo, ambayo ni sharti la kwanza la ridhaa, na hilo si dogo.

Sharti jingine, kwamba ridhaa haihamishwi, lilivunjwa katika biashara ya mahali mtu alipo. Kampuni za simu za Marekani ziliuza uwezo wa kujua simu iko wapi kwa madalali wa data, nao wakauza kwa wengine, na kazi ya kumwomba mteja ridhaa ikasukumwa kwa mnunuzi wa mwisho. Mwaka 2018 ilibainika kuwa mkuu wa polisi wa kaunti moja katika jimbo la Missouri alikuwa akifuatilia watu kwa huduma ya Securus, kampuni ya simu za magerezani, bila hati halali ya mahakama, na waliofuatiliwa hawakuwa wameulizwa na mtu yeyote. Aprili 2024 FCC ilizitoza AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint faini iliyokaribia dola milioni 200 kwa jumla, nazo zikaipinga mahakamani. Hata faini hizo zikifutwa zote, hoja itabaki kuwa nzito: aliyepewa ridhaa ni yule aliyeuliza, kwa jambo alilolitaja, na hawezi kuikabidhi kwa wa tatu kama mali.

Kenya ina historia yake katika mambo haya, na inaeleweka vibaya ikipimwa kwa mizani ya Verizon peke yake. Baada ya ujumbe mfupi kutumika kueneza chuki katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mdhibiti wa mawasiliano alitoa miongozo kabla ya uchaguzi uliofuata, ikaboreshwa kwa pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kabla ya ule wa 2017, iliyomtaka anayetuma ujumbe wa kisiasa kwa wingi apeleke maudhui yake kwa kampuni mapema na kuipa kampuni uwezo wa kuyakataa ya uchochezi. Hicho ni kibali, na kwa nchi iliyozika watu zaidi ya elfu moja hakuna haja ya kukionea haya. Lakini kibali cha maudhui humlinda jirani dhidi ya chuki. Hakimlindi mpokeaji dhidi ya mwanasiasa mwenye lugha ya adabu aliyeipata namba yake asikojua.

Namba hiyo ilitoka wapi? Mojawapo ya vyanzo vilivyoshukiwa kwa miaka mingi ni daftari la wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu: daftari kubwa juu ya kaunta, lenye safu zilizopigwa kwa rula, tarehe, jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi cha pesa na sahihi, ambamo kila aliyetia sahihi aliweza kusoma mistari ya waliomtangulia. Mtu aliandika humo ili apate pesa zake. Hiyo ndiyo ridhaa aliyotoa, ya jambo hilo tu. Juni 2021 Wakenya wengi waliochungulia kwenye mtandao wa serikali walijikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo, na malalamiko yakafika kwa Kamishna wa Data. Mtu ambaye sahihi yake haikuombwa alikuwa ameridhishwa kwa karatasi. Tangu hapo mjadala wa umma umejikita katika kupunguza kinachoonekana, na Safaricom imeanza kuficha sehemu ya namba ya mteja anayelipa dukani kwa M-Pesa, ili mwenye duka apate uthibitisho wa malipo bila kupata mawasiliano ya kuuza.

Ufichaji huo unahusu miamala ya sasa na ijayo. Namba zilizokwisha kunakiliwa ziko katika orodha zinazopita mkono kwa mkono kila msimu wa kampeni, na mteja anayemtumia mtumaji mmoja neno la kujitoa ametengua ridhaa, kama aliwahi kuitoa, kwa mtumaji huyo peke yake. Aliyeuza orodha hana taarifa hiyo, na aliyeinunua jana ataanza naye upya.