Mzigo Unaorudi

Tarehe 20 Desemba 1901, Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli, aligonga msumari wa mwisho wa Reli ya Uganda ufukoni mwa Ziwa Victoria. Kisumu ikaitwa Port Florence kwa muda. Hadithi huwa inaishia hapo. Mimi naona ndipo inapoanza, maana treni ya kwanza si shida. Shida ni ya elfu moja.

Kabla ya kufika ziwani, reli inakata uwanda wa Kano: Muhoroni, Miwani, Kibos. Sisi wa Nyamasaria tuko ukingoni mwa uwanda huohuo, na yeyote aliyechimba msingi wa nyumba huku anaujua udongo wake mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania viatu.

Sasa pitisha gari zito juu yake ukiwa umelowa. Unabonyea, kisha unarudi, ila haurudi wote. Maji ya ndani hayapati muda wa kutoka, kwa hivyo kila gurudumu linayabana zaidi na udongo unazidi kulegea. Mara moja huoni kitu. Mara laki moja, una mtaro. Wahandisi wanaosimika mitambo ya upepo kwenye mawe laini chini ya Bahari ya Kaskazini, Ulaya, wanakuna kichwa kwa swali hilohilo, ila kwao anayesukuma ni mawimbi.

Wenye reli walilielewa. Mataruma na kokoto ni vya kusambaza uzito. Na kwa kuwa kokoto nazo huzama, palikuwa na magenge ya vibarua wa kuzishindilia upya, tena na tena. Mzigo ulirudi, nao walirudi.

Kisha mizigo ikahamia barabarani. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, Illinois, Wamarekani walipitisha ekseli za malori zaidi ya mara milioni moja juu ya barabara za majaribio. Waligundua uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne: uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi mara 16. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne. Ipakie 12, na uharibifu unakuwa maradufu. Boda yenye abiria wawili? Barabara haijui hata kama imepita.

Tangu Julai 2024, kila lita ya mafuta Kenya inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara. Jamaa wa boda pale stage analipa. Trela la kwenda Busia linalipa pia, na linakunywa mafuta mengi kweli, lakini mafuta hayapandi kwa kipeo cha nne. Kwa hivyo wa boda anachangia shimo ambalo hakulichimba, halafu likijaa maji, yeye ndiye anaanguka.

Mwanasiasa akija kuahidi lami mpya, usimuulize ya kilomita ngapi. Muulize mwaka wa tano mifereji itazibuliwa na nani, na kama mizani ya malori itafanya kazi usiku.