Mwanzo wa Wamenoniti

Katika Kasai wako Wakristu wanaoitwa Wamenoniti. Misioni yao ilianza huko mwaka 1912. Lakini asili yao iko mbali. Tutazame walianza namna gani.

Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zürich, katika Uswisi, watu wachache walikusanyika nyumbani. Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, aliyekuwa padri. Naye Blaurock akawabatiza wenzake. Wote walikuwa wamekwisha kubatizwa utotoni. Sisi Wakatoliki twasadiki kwamba ubatizo ni mmoja, na watoto wetu twawabatiza. Wao walisema: abatizwe mtu anayeamini mwenyewe. Tena walikataa upanga na kiapo.

Je, walijibiwa namna gani? Wakuu wa Zürich, Waprotestanti, walimzamisha Felix Manz katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527. Mwaka uleule, huko Rottenburg, chini ya watawala Wakatoliki, Michael Sattler, mmonaki wa zamani, alikatwa ulimi, akachomwa moto. Mkewe Margaretha akazamishwa. Mwaka 1536 padri Menno Simons wa Frisia aliacha upadri, akawa kiongozi wao. Ndipo walipopata jina.

Neno hili tusilifiche. Upanga waua mwili, haugeuzi moyo. Toka 1998 mpaka 2003 Kanisa letu na Wamenoniti walikaa pamoja, wakazungumza juu ya mambo hayo ya zamani na juu ya amani. Nasi tukikutana na jirani Mmenoniti, tushike imani yetu, tuambiane kweli kwa upole.