Wanandoa wakitengana, deni la nyumba hulipwa na nani? Mwongozo kwa wakazi wa Kasese na Bwera

Wanandoa waliokopa pamoja kwa kuweka nyumba rehani hubaki wadaiwa hata baada ya kuacha kuishi pamoja. Marejesho yakikwama wakati wao wanavutana, mkopeshaji hangoji wasuluhishwe: hesabu ya siku za kisheria huanza, na mwisho wake huweza kuwa mnada. Makala haya yanaeleza sheria ya Uganda inavyosema, na hatua ambazo mwenzi mmoja anaweza kuchukua hata kama mwenzake hapatikani.

Deni hubaki moja

Watu wawili wanapotia saini mkataba mmoja wa mkopo, kwa kawaida kila mmoja huwajibika kwa deni lote, wala si kwa nusu yake. Tuchukue mfano wa rejesho la shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mke aliyebaki Bwera akilipa 600,000 kwa hoja kwamba hiyo ndiyo sehemu yake, na mume aliyehamia Kasese mjini asilipe kitu, benki huandika upungufu wa 600,000 kwa jina la wote wawili. Baada ya miezi mitatu upungufu huo ni 1,800,000, mbali na riba na adhabu ya kuchelewa.

Makubaliano yaliyofikiwa mbele ya wazee wa ukoo, viongozi wa dini au mwenyekiti wa LC1 yana uzito wake baina ya wanandoa, lakini hayamfungi mkopeshaji ambaye hakuyaridhia. Ndivyo ilivyo kwa talaka pia: huvunja ndoa, haivunji mkataba wa mkopo.

Saini yako iliwekwa wapi?

Jambo la kwanza ni kupata nakala ya mkataba na kuangalia mwenzi alitia saini kama nani, kwa kuwa nafasi hizi tatu hazilingani.

Mkopaji mwenza anadaiwa deni lote. Mdhamini anaweza kudaiwa mkopaji akishindwa kulipa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye dhamana. Aliyetoa ridhaa tu, kama mwenzi wa mwenye nyumba, hadaiwi fedha kwa sababu ya ridhaa hiyo; hata hivyo nyumba anamoishi inaweza kuuzwa.

Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inakataza nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwamba ridhaa hiyo ni ya kweli na imetolewa kwa kuelewa. Mahakama za Uganda zimekwisha kubatilisha rehani zilizokosa ridhaa hiyo. Lakini rehani ikibatilika, fedha zilizokopwa bado hudaiwa kwa aliyezichukua.

Ulinzi huo ni wa wanandoa. Sheria haiwahesabu watu wanaoishi pamoja bila ndoa kuwa mume na mke, hata wakikaa miaka mingi na kuzaa watoto. Kwa waliooana kimila, cheti cha usajili wa ndoa ndicho ithibati iliyo rahisi kuonyesha benki au mahakamani.

Hati isiyosomeka kwa mwenye kusaini

Mikataba mingi ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wakazi wengi wa Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo, hutumia Kiswahili na Lhukonzo. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma humhusu pia mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha iliyotumika katika hati. Anayemwandikia hati mtu kama huyo anapaswa kuthibitisha kwa maandishi kwamba alisomewa na kuelezwa. Aliyetia saini bila kuelezwa amwambie wakili mapema, kabla mnada haujatangazwa.

Siku zinavyohesabiwa

Deni likicheleweshwa, mkopeshaji humpelekea aliyeweka rehani notisi ya kumtaka arekebishe kasoro hiyo ndani ya siku 45 za kazi. Asipofanya hivyo, mkopeshaji anaweza kuchukua hatua kadhaa, ikiwemo kuuza. Kabla ya kuuza, lazima atoe notisi nyingine, na mauzo hayawezi kukamilishwa mpaka zipite siku 21 za kazi tangu notisi hiyo ifikishwe. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi.

Hatari kubwa wakati wa kutengana ni notisi kufika kwenye anwani ambayo mhusika ameihama. Aliyevuka mpaka kwenda Kasindi au Butembo anaweza kusikia habari za mnada zikiwa zimechelewa. Kila mwenzi aipelekee benki, kwa barua, anwani na nambari yake mpya ya simu, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kuzungumza na mkopeshaji mapema

Mwenzi mmoja anaweza kwenda benki peke yake, ingawa kubadilisha mkataba kwa kawaida huhitaji saini za wote. Aombe taarifa ya akaunti inayotenganisha deni la msingi, riba na adhabu. Kisha apeleke pendekezo la maandishi: muda wa mkopo urefushwe ili rejesho lipungue, au walipe riba tu kwa miezi michache. Kama nyumba ina vyumba vya kupangisha, kodi yake inaweza kuelekezwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, isipite mikononi mwa mmoja wao. Anayelipa peke yake atunze kila risiti, kwani ndiyo ushahidi wake wakati wa kudai fidia kwa mwenzake au kugawana mali.

Nyumba ikishindikana kubaki, wanandoa wanaweza kumwomba mkopeshaji awaruhusu watafute mnunuzi wenyewe, jambo ambalo mara nyingi huleta bei nzuri kuliko mnada. Bei ya mnada isipotosha, salio bado hudaiwa. Ikizidi, ziada ni haki ya waliokuwa wenye mali.

Kuusimamisha mnada

Kanuni za Rehani za mwaka 2012 zinamruhusu aliyeweka rehani, au mwenzi wake, kuiomba mahakama iahirishe mnada kwa sababu za msingi. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuweka amana ya asilimia 30 ya thamani ya mali iuzwapo kwa lazima, au ya deni lililobaki. Mwombaji akiwa ni mwenzi wa aliyeweka rehani, mahakama ndiyo huamua kama ataiweka amana hiyo au la.

Mwenzi ambaye jina lake halimo kwenye hati ya ardhi anaweza pia kuweka zuio juu ya hati hiyo, iwe ni hati miliki au hati ya umiliki wa kimila. Zuio halifuti rehani iliyosajiliwa kihalali, ila hulinda ardhi ya familia isiuzwe wala kuongezewa deni jingine kwa siri.

Mgawanyo wa mali

Katiba ya mwaka 1995 inawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Hata hivyo, mwaka 2013, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi kila mmoja nusu ya mali yote. Mchango wa kila upande hupimwa, ukiwemo usio wa fedha taslimu. Kesi ya namna hiyo huweza kuchukua miaka, na nyumba iliyokwisha kupigwa mnada haitakuwepo kugawanywa. Kwa hiyo deni lishughulikiwe sasa, hata kama mengine yote bado yanabishaniwa.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kutafuta msaada wa kisheria, ukiwemo wa chama cha wanasheria wanawake, FIDA Uganda. Waende na mkataba wa mkopo, notisi zote walizopokea, cheti cha ndoa na risiti za malipo.