Yevsektsiya
Yevsektsiya ilikuwa sehemu ya Kiyahudi ya chama cha kikomunisti cha Urusi ya Kisovyeti, iliyoundwa mwaka 1918 chini ya Semyon Dimanstein ili kuyafikisha mapinduzi kwa Wayahudi waliozungumza Kiyidishi, lugha yenye asili ya Kijerumani iandikwayo kwa herufi za Kiebrania. Baadhi ya viongozi wake, kama Esther Frumkin, walitoka Bund, chama cha kisoshalisti cha wafanyakazi Wayahudi kilichoanzishwa Vilnius mwaka 1897. Ilikuza shule za Kiyidishi, lakini ilipiga vita masinagogi, Kiebrania na Uzayuni kwa ukali uliowaumiza watu wale wale iliodai kuwakomboa. Ilivunjwa mwaka 1930. Dimanstein aliuawa mwaka 1938, naye Frumkin alifia katika kambi ya wafungwa mwaka 1943.