Amani, Kijiji cha Mlimani

Atokaye Muheza kwenda Amani hupita Sigi, kisha huanza kupanda kwa njia ya kujipinda katikati ya msitu, hata afike penye baridi, futi zipatazo 3,000 juu ya bahari. Huko kuna nyumba za kale na bustani ya miti ya nchi nyingi, na wageni huja na darubini zao kutazama ndege, na lile ua la urujuani la Usambara lililopewa jina la Baron Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1893.

Wajerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1902, wapate kujaribu mimea ya kuwafaa walowezi: mpira, kahawa, mti wa kwinini. Vita vya 1914 vilipozuia meli, Amani ikatengeneza dawa na sabuni, hata Waingereza walipoitwaa mwaka 1916.

Lakini wachache huuliza habari za muhogo, nayo ndiyo habari kubwa ya kijiji kile. Mkulima aijua batobato: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, na mizizi hudumaa. Inzi weupe huieneza, na sisi wenyewe huieneza tupandapo vipande vya shina lenye ugonjwa. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na wenzake walijaribu mihogo ya nchi nyingi, wasipate wa kuwatosha. Basi wakauoza muhogo na ndugu yake, mpira wa Ceara, ule ambao watu wa pwani hupika majani yake kuwa kisamvu. Watoto wa ndoa hiyo walistahimili ugonjwa, ila mizizi yao haikufaa kitu. Ikabidi waozwe tena kwa muhogo, mara ya pili, mara ya tatu. Kazi ya miaka, na kila mche kungojewa ukue!

Kituo kilihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na majengo wakapewa watafiti wa malaria. Uzao wa mihogo ile ulifika Nigeria katika miaka ya 1950, na huko Ibadan ukazaa mbegu nyingine. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, wakulima wa huko walipewa mbegu za ukoo huo, wakapanda, wakala.