Elimu ya Kisukari kwa Njia ya Kompyuta

Elimu ya kisukari kwa njia ya kompyuta ni mafunzo anayopata mgonjwa kupitia programu ya kompyuta, tovuti, simu au mchezo wa video ili aweze kujitunza. Humwandaa kwa maamuzi anayoyafanya mwenyewe kila siku akiwa mbali na daktari: ale nini, apime sukari saa ngapi, na afanye nini anapotetemeka na kutokwa jasho kwa sababu sukari imeshuka.

Chimbuko

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulithibitisha kuwa kudhibiti sukari kwa makini hupunguza madhara ya macho, figo na neva kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Udhibiti huo unadai mgonjwa apime damu mara kadhaa kwa siku na kurekebisha insulini yake, stadi zinazohitaji mazoezi ya kurudiarudia.

Mwaka 1995 ulitoka Marekani mchezo wa Packy & Marlon, uliotengenezwa kwa mashine ya Super Nintendo. Tembo wawili wenye kisukari wamo kambini. Mtoto anayecheza huwapima sukari, huwachoma insulini na kuwachagulia chakula. Akikosea, sukari yao huharibika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, likihusisha watoto na vijana 59, waliopewa mchezo huo kwa miezi sita walijitunza vizuri zaidi na walizungumza zaidi na wazazi wao kuhusu ugonjwa kuliko waliopewa mchezo wa burudani tu.

Matokeo

Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa kitabibu, yalikusanya majaribio 16 ya programu za aina hii yenye watu wazima 3,578 wa kisukari cha aina ya pili. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, kilipungua kwa pointi 0.2 za asilimia kikilinganishwa na wasiotumia programu hizo. Kwa programu za simu, tofauti ilifika 0.5. Uzito na sonona havikuonyesha nafuu.

Mipaka

Manufaa hayo ni madogo lakini ya kweli, nayo hutegemea huduma nyingine. Programu hukumbusha, hufundisha na kusahihisha. Haimsaidii mgonjwa aliyekosa insulini, kifaa cha kupimia sukari au muuguzi wa kumwuliza. Kwa hiyo hutolewa kama nyongeza ya kliniki, si badala yake.