Bumbire na Hatari Yake

Kusini ya Nshambya, mtaa wa mji wa Bukoba, ndani ya maji ya Muleba, kipo kisiwa cha Bumbire. Katika vitabu vya wasafiri waliopenda hatari chatajwa kuwa mahali pa kutisha. Sifa hiyo kilipewa na Henry Morton Stanley, msafiri aliyegharimiwa na magazeti mawili, moja la New York na moja la London, naye akalizunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake, Lady Alice.

Mwezi wa Aprili, 1875, alifika Bumbire ana njaa. Wenyeji wakaivuta mashua nchi kavu, wakatwaa makasia. Stanley na watu wake wakaisukuma majini, wakapiga risasi, wakakimbia kwa kupiga maji na mbao walizozing'oa chomboni. Hofu yake ilikuwa ya kweli, hilo hatulikatai. Lakini je, mgeni mwenye bunduki, asiyejulikana atokako, hakuwa naye wa kuhofiwa?

Agosti alirudi na mitumbwi mingi na watu zaidi ya 200. Hakushuka. Akiwa majini aliwamiminia risasi watu waliosimama ufukoni na mikuki na mishale yao. Wengi walikufa. Mwaka 1876 Waingereza wengine walimlaumu hadharani huko London, maana habari zenyewe alizipeleka yeye, tena kwa majivuno.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1878, na hata leo chasomwa. Orodha ya majina ya waliokufa ufukoni haimo.